Barua ya wazi: Rudisheni mizani ya wanaume wadogo kwenye ngumi za Olimpiki

Kwa Rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, Bi. Kirsty Coventry
Kwa uongozi wa World Boxing, shirikisho la dunia la ngumi za ridhaa
Nakala kwa mashirikisho ya ngumi za ridhaa na kamati za Olimpiki za Tanzania, Kenya na Uganda

Waheshimiwa,

Kazi yangu kwenye klabu ni ndogo. Kila Jumamosi jioni, kabla ya mazoezi, nashika daftari na kuwapima vijana uzito. Mizani yetu ni ya sindano, ya siku nyingi, na sindano yenyewe hutetemeka kwanza. Nimezoea kuhesabu moja mpaka tano ndipo nisome. Mwezi uliopita alipanda kijana wa miaka 19 ambaye alfajiri hushusha magunia sokoni na jioni huja kwetu kupiga begi. Sindano ikatulia kwenye 48 na nusu. Nikaandika. Yeye hakushuka. Akaniuliza, "Mwalimu, Olimpiki ya Los Angeles wanaume wanaanzia kilo ngapi?"

Nikamwambia 55.

Akainamia ile sindano kama mtu anayehakikisha chenji yake, akashuka, akavaa kandambili, akaenda kuchukua kamba. Aliruka raundi zake zote. Mimi ndiye niliyebaki na kalamu mkononi nisijue niandike nini tena. Barua hii inatokana na swali lile, na naomba mnivumilie kwa urefu wake.

Ratiba ya ngumi ya Los Angeles 2028 ina madaraja 14, saba ya wanawake na saba ya wanaume. Ya wanaume ni kilo 55, 60, 65, 70, 80, 90 na zaidi ya 90. Chini ya 55 hakuna kitu. Rio 2016 wanaume walianzia 49. Tokyo wakaanzia 52, Paris wakaanzia 51, na sasa 55. Mwanamume wa kilo 48 hajakatazwa kushiriki, hilo nalijua. Anaruhusiwa kupanda ulingoni akutane na mtu aliyejikausha kutoka 60 mpaka 55 siku ya kupima, kisha akanywa maji na kula kabla kengele haijalia. Ruhusa ya namna hiyo haimsaidii.

Nitaieleza hoja yangu kupitia mtu ambaye si wa kwetu kabisa. Ni wa Belfast, anaitwa Paddy Barnes. Nimemchagua yeye kwa sababu maisha yake yote ya ngumi za ridhaa yalijengwa juu ya daraja mlilolifuta, na kwa sababu nimemfuatilia muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya mapambano yake nayajua ngumi kwa ngumi.

Barnes alizaliwa mwaka 1987. Alilelewa na klabu ya Holy Family, mtaa wa New Lodge, kaskazini mwa Belfast. Mnaoijua historia ya Ireland Kaskazini mnajua mitaa ile ilipitia nini miaka ya mauaji kati ya jamii mbili. Kocha wa klabu hiyo, Gerry Storey, alifundisha vijana wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti pamoja, akawavusha kwenda kupigana mitaa ambayo watu wazima waliiogopa, na mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya Laureus kwa kazi hiyo. Nikisoma habari za klabu ile naiona ya kwetu: kocha asiyechoka, na vijana ambao mchana wana shida zao na jioni wana glovu. Chama cha ngumi cha Ireland ni cha kisiwa kizima, kwa hiyo kijana wa Belfast huvaa kijani cha Ireland kwenye Olimpiki, na kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huivalia Ireland Kaskazini. Barnes alivaa zote mbili, na kote huko alikuwa mtu wa kilo 48 au 49.

Mwaka 2007 alifika robo fainali ya ubingwa wa dunia mjini Chicago, ikampa tiketi ya Beijing. Beijing alimtoa bondia wa Ecuador, akamtoa wa Poland, akaingia nusu fainali akiwa na miaka 21. Aliyemsubiri ni Zou Shiming, bingwa wa dunia, mbele ya watu wake. Pambano lilikuwa la raundi nne za dakika mbili mbili. Matokeo: 15 kwa 0.

Tafakarini sifuri ile. Dakika nane mtu anarusha mikono, na mashine inasema hakugusa hata mara moja. Ule mfumo wa mashine uliletwa baada ya kashfa ya Seoul 1988, Roy Jones Jr. aliponyang'anywa ushindi wazi wazi. Ili ngumi ihesabike, majaji watatu kati ya watano walipaswa kubonyeza ndani ya sekunde moja. Kwa mabondia wakubwa, ngumi moja inasikika mpaka jukwaani na kila jaji anabonyeza. Kwa watu wa kilo 48 zinapita nne kabla kidole cha jaji hakijashuka. Barnes alikasirika kiasi cha kusema hiyo shaba hata haitaki. Baadaye aliipokea. Wapo waliomlaumu kwa maneno yale, lakini mimi ninayewafunga vijana bandeji mikononi nilimwelewa vizuri. Kijana akirudi kona akijua amepiga, halafu ubao ukasema hajapiga, utamwambia nini?

Hakuacha. Mwaka 2010 alichukua ubingwa wa Ulaya mjini Moscow na dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi. London 2012 akamshinda Thomas Essomba wa Cameroon 15 kwa 10, kisha akakutana na Devendro Singh wa India kwenye robo fainali. Pambano hilo huwaonyesha vijana wangu kwenye simu. Ni 23 kwa 18. Hakuna anayekumbatia, hakuna anayetembea, na mwamuzi mwenyewe anakimbia kuwafuata. Nataka mliangalie nanyi kabla ya kuketi tena kujadili madaraja, kwa sababu nimewahi kusikia hoja kwamba watu hawapendi kuangalia wadogo. Mtu aliyekaa na kulitazama pambano lile hawezi kuisema hoja hiyo.

Nusu fainali, Zou tena. Miaka minne baada ya 15 kwa 0, walimaliza 15 kwa 15. Zikahesabiwa upya pointi za majaji, na Zou akapita kwa 45 dhidi ya 44. Kutoka sifuri mpaka tofauti ya kidole kimoja cha jaji mmoja. Barnes akawa bondia wa kwanza wa Ireland kupata medali katika Olimpiki mbili, zote za shaba, zote zikiwa zimepita mikononi mwa Mchina yule yule. Glasgow 2014 akakutana na Devendro mara ya pili, safari hii fainali, akashinda na kutetea dhahabu yake ya Jumuiya ya Madola.

Halafu Rio. Tarehe 5 Agosti 2016 timu ya Ireland iliingia uwanja wa Maracanã, na aliyetangulia na bendera alikuwa mtu wa kilo 49. Nyuma yake walikuwa wapiga makasia, warusha vitu, wakimbiaji, watu warefu wa kila aina. Picha ile niliichapisha na ipo ukutani kwetu juu ya ndoo ya maji. Siku tatu baadaye alipoteza pambano lake la kwanza kwa Samuel Carmona wa Hispania, majaji wakigawanyika. Alikuwa na miaka 29 na alieleza mwenyewe kwamba kuushusha mwili hadi 49 kulimmaliza nguvu. Hilo halipingani na ninachoomba. Linaonyesha jinsi kilo mbili tatu zinavyoweza kumwamulia mtu mdogo maisha yake. Baada ya hapo aliingia ngumi za kulipwa, na katika pambano lake la sita, Agosti 2018, alipigania ubingwa wa dunia wa WBC hapo hapo Belfast, uwanja wa Windsor Park, akaangushwa raundi ya nne kwa ngumi ya tumboni. Mwaka 2019 akastaafu.

Jumlisheni sasa: Olimpiki tatu, medali mbili, ubingwa wa Ulaya, dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola na bendera ya taifa. Yote hayo yalianzia kwenye mizani ambayo kwa wanaume wa Olimpiki haipo tena. Mtoto aliyezaliwa New Lodge mwaka 2007 badala ya 1987, akiwa na mwili ule ule na moyo ule ule, leo ana umri wa kuwania Los Angeles, na hana daraja la kuwania.

Wala Barnes hayuko peke yake. John Caldwell wa Belfast alipata shaba Melbourne 1956 kwa kilo 51. Hugh Russell, wa Belfast na wa klabu hiyo hiyo ya Holy Family, akapata shaba Moscow 1980 kwa kilo 51. Michael Conlan, wa Belfast pia, alipata shaba London kwa kilo 52 akiwa na miaka 20, mwili ukakua, akapanda mpaka 56, na mwaka 2015 mjini Doha akawa mwanamume wa kwanza wa Ireland kuwa bingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa. Uamuzi wa majaji uliomtoa Rio mnaujua kuliko mimi, na uchunguzi wa uamuzi wa ngumi za Rio uliotolewa 2021 mmeusoma. Ninachotaka mkione kwa Conlan ni ngazi. Aliingia Olimpiki kwa mlango wa 52 akiwa bado mwembamba, akajifunza ukubwa wa jukwaa lile, akarudi akiwa mkubwa. Mkiondoa kipago cha chini, kijana wa miaka 19 atapandia wapi?

Mheshimiwa Rais Coventry, hapa naomba nikuelekee wewe kwa heshima zote. Najua ratiba hii ilipitishwa Aprili 2025, wewe ukiwa hujakikalia kiti. Na najua wewe ni mwana wa Afrika. Zimbabwe ina medali nane za Olimpiki tangu ianze kushiriki kwa jina hilo, na saba kati ya hizo ulizileta wewe, kwenye bwawa. Kwa hiyo unajua ugumu wa kuifikisha nchi ndogo kwenye jukwaa lile. Bwawa la mita 50 ni gharama kubwa, na nchi nyingi za kwetu hata la kuhesabika hatuna. Lakini begi la ngumi tunaweza kulishona wenyewe kwa turubai na kulijaza vitambaa. Ndiyo maana ngumi zilitufikia, na zilitufikia kupitia watu wadogo.

Leo Rwabwogo wa Uganda alipata shaba Mexico 1968 kwa kilo 51, akarudi Munich 1972 akapata fedha, kilo 51 tena. Mganda mwenzake, Eridadi Mukwanga, alipata fedha Mexico kwa kilo 54. Michael Yombayomba alituletea Tanzania dhahabu ya Jumuiya ya Madola kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998, kilo 54, na mpaka leo ukilitaja jina lake kwenye klabu yoyote ya Dar es Salaam watu wazima wananyanyua vichwa.

Na yupo Ibrahim Bilali wa Kenya. Alipata medali ya shaba, kilo 51, mwaka 1984. Mji ulikuwa Los Angeles. Michezo inarudi mji ule ule baada ya miaka 44, na Bilali wa leo, akitokea Nairobi au Mombasa au Tanga na kilo zake 51, hatakuta ubao wenye jina la daraja lake. Nimeirudia habari hii mara nyingi kwa watu na kila nikiirudia koo linakauka.

Si Afrika Mashariki tu. Daraja la kilo 48 lilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Mexico 1968, aliyelichukua ni Francisco Rodríguez, na ikawa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya Venezuela. Medali ya kwanza ya ngumi ya China ilikuwa shaba ya Zou mwaka 2004, kilo 48. Rio, dhahabu ya kilo 49 ilikwenda kwa Hasanboy Dusmatov wa Uzbekistan, na akapewa pia tuzo ya Val Barker ya bondia bora wa mashindano yote, wa madaraja yote, wakubwa kwa wadogo. Mliyemwita bora Rio, Tokyo hakuonekana, kwa kuwa daraja lake lilifutwa. Paris mliporudisha 51 akarudi, akachukua dhahabu tena. Na katika daraja hilo hilo la Paris, David de Pina alipata shaba ambayo ni medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Cape Verde. Nchi ya visiwa, watu wachache, medali moja, kilo 51. Hiyo ilikuwa Agosti 2024. Mwaka haukupita, daraja likafutwa.

Sasa niongee hesabu, maana najua vikao vyenu huamua kwa hesabu. Kati ya kilo 80 na kilo 90 mmeweka mpaka, mtu wa 80 asilazimishwe kupigana na wa 90. Ni haki kabisa. Tofauti hiyo ni kilo 10, yaani asilimia 12 na nusu ya mwili wa yule mdogo. Mtu wa kilo 49 akilazimishwa kupigana na wa 55 anazidiwa kilo 6, ambayo ni asilimia 12 na kidogo ya mwili wake. Ni mzigo ule ule. Mkubwa mmemwona na mkamkinga kwa daraja lake. Mdogo mmemwambia ajitahidi. Tena tangu Rio wanaume wanapigana bila kofia ya kinga, kwa hiyo mzigo huo unatua kichwani mwa mtu.

Angalieni hata ngumi za kulipwa, ambazo mara nyingi husemwa kuwa biashara isiyo na huruma. Wenzetu wale wana madaraja matano yasiyofika kilo 54: 47.6, 49, 50.8, 52.2 na 53.5. Na World Boxing yenyewe, kwenye ubingwa wake wa dunia wa Liverpool 2025, ilikuwa na daraja la wanaume la kilo 50. Kwa hiyo mnakubali kwamba watu hawa wapo. Mnawapa ubingwa wa dunia, kisha kwenye mlango wa Olimpiki mnawaacha nje, na Olimpiki ndiyo inayomfanya waziri wa michezo atoe nauli.

Kuna jambo linalosemwa pembeni na nataka nilikatae mimi mwenyewe kabla halijapachikwa kwenye barua hii: kwamba wanaume wadogo wameondolewa na wanawake. Ninao mabinti wawili kwenye daftari langu na mmoja wao ana mkono wa kushoto ambao kaka zake wanaukimbia. Ireland ile ile ya Barnes imempata Katie Taylor, dhahabu ya kilo 60 London, mwaka ambao wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza, na Kellie Harrington, dhahabu Tokyo na dhahabu Paris, kilo 60 pia. Saba kwa saba ni haki iliyochelewa, na sitaki ipunguzwe hata kwa daraja moja. Tena wao nao wanaanzia 51, wakati World Boxing ina kilo 48 kwa wanawake. Tatizo langu na lao ni moja.

Njia ipo. Paris walishiriki mabondia 248 katika madaraja 13, wastani wa 19 kila daraja. Idadi hiyo hiyo ikigawanywa kwa madaraja 16, manane kwa manane, ni 15 na nusu kila daraja. Hamwongezi kitanda hata kimoja kwenye kijiji cha wanamichezo, wala sahani. Mnachoongeza ni medali mbili za dhahabu na zile zinazofuatana nazo, na siku za ulingoni zinabaki karibu zile zile. Wataalamu wenu watanisahihisha kwenye ratiba ya vipindi na televisheni, na nitafurahi wakinisahihisha, maana itamaanisha kwamba jambo limefika mezani.

Niwaambie pia tunayoyaona huku chini, ambayo labda hayafiki kwenye taarifa. Mipaka ya uzito ikiwa mbali, vijana hufanya mambo mawili. Aliye juu kidogo ya mpaka hujikausha. Nimemkuta kijana amevaa mfuko wa plastiki chini ya sweta, saa sita mchana, jua la Dar es Salaam, anakimbia na chupa ya kutemea mate. Nilimvua mwenyewe, na mikono yake ilikuwa ya baridi. Aliye chini ya mpaka hujilisha. Anakula wanga usiku, anakunywa maji lita mbili kabla ya kupanda mizani, apate namba tu. Namba hiyo anaimwaga chooni na kupanda ulingoni na mwili wake ule ule. Nimekwenda kwenye mashindano ambayo siyataji, ya hapa nyumbani, ambapo madaraja ya chini yaliondolewa kwa kuwa "hayapo Olimpiki". Vijana saba walirudishwa na mabegi yao, wawili walikuwa wangu. Nauli tulikwishalipa, lakini kilichoniuma ni kwamba walikuwa wamefanya kila kitu sawasawa.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Kama ratiba ya Los Angeles bado ina ufa wa kufunguliwa, ifungueni, mwekeni mwanamume wa kilo 50 na mwanamke wa 48. Kama imeshafungwa kabisa, basi ratiba ya Brisbane 2032 isiandikwe kabla hamjawasikiliza makocha wa mabondia wadogo kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na uamuzi utangazwe mapema. Mtoto wa miaka 14 anayeanza leo anahitaji kujua kama anapoelekea kuna mlango. Mwiteni Barnes mwenyewe kikaoni. Mwiteni de Pina. Mwiteni Dusmatov awaeleze ile miaka ya katikati aliishije, bingwa wa Olimpiki asiye na daraja.

Kwa mashirikisho yetu ya Tanzania, Kenya na Uganda, ndugu zangu, ombi langu ni jepesi zaidi na halihitaji ruhusa ya mtu yeyote. Msiyafute madaraja ya chini kwenye mashindano ya taifa kwa kufuata Olimpiki. World Boxing inayo, tuyatumie. Na mnapokwenda kwenye mikutano ya World Boxing, mna kura. Ulizeni kwa sauti, kwa majina ya Rwabwogo na Bilali, kwa nini daraja lililotupa medali limeondolewa huku sisi tukiwa tumekaa kimya ukumbini.

Jumamosi iliyopita yule kijana wa magunia alipanda tena mizani. Nilihesabu moja mpaka tano. Alikuwa 49 kamili. Alinieleza kwamba siku hizi mama ntilie wa sokoni anamwongezea ugali bila kumdai, kwa kuwa amemwambia anataka kwenda Olimpiki. Nimeiandika 49. Daftari letu lina safu ya mwisho ya kuandika daraja la mashindano ambalo bondia analilenga, na kwenye mstari wake nimepaacha wazi. Nasubiri majibu yenu ili nipajaze.

Wenu katika ngumi za ridhaa,

Mshika mizani
Dar es Salaam